Injinia, Mpagazi wa Faili

Ukimpelekea Injinia kompyuta yako iliyojaa, hakukuuliza ina tatizo gani. Aliifungua, akaitazama kama daktari anavyotazama ulimi wa mtoto, kisha akaweka kidole kwenye faili moja, tuseme video ya arusi ya binamu yako, akakuuliza swali lake lile lile: "Hii umeifungua lini mara ya mwisho?" Ukisema hukumbuki, imekwenda. Ukisema mwaka jana, imekwenda. Ukisema jana, alikutazama kwa huruma, akasema, "Basi umeshaitazama," nayo ikaenda.

Sote wa lile jengo la Malvern, huku Scarborough, Toronto, na wengi wa kanisa letu la Kiswahili, tulimwita Injinia, ingawa hakuwahi kujenga daraja wala choo. Kazi yake ilikuwa kuandika programu za kompyuta. Mimi nilikuwa jirani yake, mlango kwa mlango, kwa miaka inayomtosha mtoto kuzaliwa na kuanza kunyoa ndevu. Elimu yangu ni ya kidato cha nne, na Kanada nimeijulia zaidi katika maghala ya Downsview, nikipanga maboksi juu ya maboksi. Kwa hiyo ya kompyuta nitakayoyasema hapa ni yale aliyonieleza yeye. Nikikosea, kosa ni langu, kama makosa mengine yangu yatakayofuata.

Yeye alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, mimi Mgogo wa Dodoma. Kwa wasiojua, hao ni watani. Babu zake walikuwa wapagazi, wakibeba mizigo ya matajiri, hasa pembe za tembo, kutoka bara hadi pwani, na njia yao ilipita kwetu Ugogo, ambako babu zangu waliwangoja kwenye visima na kuwatoza hongo kabla ya kuwaachia maji. Watu wakishafanyiana hivyo vizazi kadhaa, hubaki kuchagua kati ya kupigana na kutaniana, na wazee wetu walichagua kutaniana. Basi nilipofika kwake sikupiga hodi. Nilifungua mlango, nikasema, "Hongo!" Naye alinijibu kutoka jikoni, "Njaa ilikutoa Dodoma, sasa inakutoa hata kwako?" Kisha akaweka chai.

Mtu huyu aliyefuta arusi za watu bila kupepesa jicho, kompyuta yake mwenyewe ilikuwa imeshiba hadi kooni. Ilikuwa laptopu nyeusi, nene, yenye feni iliyonguruma kama mashine ya kusaga mahindi, na ubavu wake ulikuwa wa moto kiasi cha kupashia uji. Kwenye kioo kulikuwa na mstari mdogo wa kuonyesha nafasi iliyobaki. Kwa watu wengine mstari huo ni wa buluu. Kwake ulikuwa mwekundu tangu nilipomjua, na aliuzoea kama mtu anavyozoea jino bovu.

"Injinia," nilimwambia, "mbona zako hujiulizi umezifungua lini?"

"Zangu ni zana, Mgogo. Zenu ni kumbukumbu."

Alinieleza, na nadhani nilielewa. Mwandishi wa programu ni kama seremala. Kila akiunda kitu, maranda yanabaki sakafuni. Tena haanzi na gogo, anaazima vipande vilivyochongwa na wengine. Kila kipande kinakuja na vipande vyake, na hivyo navyo na vyao, hadi programu ya kujumlisha mbili na mbili inakalia nafasi ya maktaba. Seremala mwenye akili hufagia jioni. Injinia hakufagia. Alikuwa na maranda ya kazi za makampuni yaliyokwisha kufa. Alikuwa na kompyuta nzima za kubuni zilizoishi ndani ya kompyuta yake, kila moja na tumbo lake, kila moja mfano wa mashine ambayo huenda angeikuta siku moja mahali fulani. Alikuwa na programu za kuendeshea mashine za kuchapa ambazo hata waliozitengeneza walikuwa wamezisahau.

Mahali hapo fulani palikuwa Tabora. Maana chini ya takataka hizo kulikuwa na folda moja iliyozidi nyingine zote zikijumlishwa, nayo aliiandika kwa herufi kubwa: NYUMBANI.

Nisiwe mwongo, lilikuwa wazo zuri. Alipolianza, miaka ile ya elfu mbili na kidogo, mtandao wa Tabora ulikuwa ukidondoka kama bomba la mwezi wa Oktoba. Alikuwa amekwenda kutembea, akakaa mchana mzima katika duka la intaneti akingoja programu moja ishuke, na umeme ukakatika ilipobaki kidogo. Akarudi Toronto na nadhiri. Angefungua darasa la kufundisha vijana wa kwao kuandika programu, na kila watakachohitaji angekibeba yeye kutoka huku, ndani ya diski: vitabu, kamusi, masomo ya video, zana, vipande vyote vya kuazima, ili kijana wa Tabora asiupigie mtandao magoti.

Dada yake, aliyemfuata kuzaliwa, alikuwa mjane aliyeishi kwa kupangisha vyumba vya nyumba yake. Alimpa kaka chumba cha mbele, kile kinachotazama barabara ya sokoni, chumba kizuri kuliko vyote alivyokuwa navyo. Wapangaji walikitaka. Mwenye duka la dawa alikitaka kuliko wote, akawa anarudi kila mwaka kuuliza, na kila mwaka dada alimjibu kwamba hicho ni cha kaka, kaka anakuja na darasa.

Kaka alikuwa anasafisha diski kwanza.

Mara nyingi nilikuwepo simu ikiwekwa mezani, sauti imefunguliwa wazi.

"Kaka, huyu wa dawa amekuja tena. Nimpe au nisimpe?"

"Usimpe, dada. Niko mwisho. Nikipata nafasi kidogo tu, namalizia masomo yaliyobaki, nakata tiketi."

"Nafasi si ninayo mimi huku? Chumba kizima kitupu. Unatafuta nafasi gani tena?"

"Si ya aina hiyo, dada."

"Haya. Mgogo yupo hapo?"

"Nipo, mtani."

"Mwangalie huyo mpagazi asije akaangukiwa na mzigo."

"Mzigo haujatoka hata mlangoni, mtani. Bado anaufunga kamba."

Tulicheka watatu, mabara mawili. Kisha simu ikakatwa, Injinia akarudi kwenye mashine yake, akapakua kitu kingine.

Kuna siri yake moja iliyofichuka kwa bahati. Mama Katibu, mwanamke wa Bukavu aliyeshika uandishi wa kanisa letu, alimletea kompyuta ya kanisa. Injinia akaipitisha katika swali lake, akafuta mabatizo, harambee na mapambio ya kwaya. Mama Katibu alimfuata hadi kwenye lifti.

"Injinia, weye unafuta tu kama mutu anaosha sahani! Ile ilikuwa batemu ya mutoto wangu!"

"Tulia, mama. Uliifungua lini mara ya mwisho?"

"Kwani batemu inafunguliwa kila siku? Ni mufuko ya unga?"

Akalia pale pale, lifti inafunguka na kujifunga, mpaka Injinia akashindwa kuvumilia, akamnong'oneza. Alikuwa nayo. Alikuwa nazo zote. Kabla ya kufuta kitu cha mtu, alikinakili kwanza kwenye diski zake, asije akalaumiwa. Arusi za Warundi, mahafali ya watoto wa Wakenya, mtu anakata keki, mtu analishwa keki, nusu ya Scarborough ilikuwa imelala kwenye zile diski, na mwenyewe hakuwahi kufungua hata moja.

"Mersi, mersi mingi," Mama Katibu akajifuta machozi. Kisha akashtuka. "Sasa kama uko nazo, ulifuta ya nini?"

"Mtu mzima hafuti, mama. Anahamisha."

Mama Katibu aliponisimulia alitikisa kichwa. "Huyu mutu ni pipa ya takataka. Lakini pipa yenye kufuli."

Kuhamisha alikujua kweli. Alinunua diski za nje, zile za kuchomeka ubavuni, akahamishia humo vitu vya zamani ili apate nafasi. Kwa usalama akabakiza nakala kwenye laptopu. Kwa usalama zaidi akanunua diski nyingine ya kuweka nakala ya ile ya kwanza. Mstari ukabaki mwekundu, na sasa ulikuwa mwekundu mahali patatu.

Safari moja aliamua kujisafisha kwa dhati. Yeye fundi hangefuta faili mojamoja kwa mkono kama sisi. Aliandika programu ya kuzunguka diski nzima, itafute vitu vilivyojirudia na iandike kila inachokiona. Aliiandika kwa majuma, hatoki, hanyoi. Jumamosi moja akaiwasha, tukaenda kununua samaki. Tuliporudi feni ilikuwa imenyamaza. Programu ilikuwa imeandika taarifa ndefu ya uchafu wote ilioukuta, na taarifa hiyo ndiyo iliyomeza nafasi ndogo iliyokuwa imebaki.

"Angalau sasa umejua uchafu uko wapi," nilimwambia.

"Wote umeandikwa humu," akasema akigonga kioo kwa ukucha. "Ila haifunguki. Hakuna nafasi."

Kanisani ndiye aliyerusha maneno ya nyimbo ukutani, katika ukumbi tuliokodi Downsview katikati ya maghala. Jumapili moja, pambio likiwa limenoga, maneno yakapotea, na mahali pake pakatokea kisanduku cha Kiingereza, kikubwa kama mlango: diski imejaa, tafadhali futa baadhi ya faili. Mchungaji wetu, Mrundi mwenye akili ya haraka, hakuruhusu hata kicheko kianze. "Ndugu zangu, mmesoma? Hiyo ni barua yenu! Bwana anataka kuingia, anakuta mioyo imejaa!" Watu wakaitika amina, na wa sauti kubwa kuliko wote alikuwa Injinia. Ndani ya basi, tukirudi Malvern, aliniinamia.

"Lilikuwa somo zuri lile. Kuna watu pale walilihitaji."

Nilimtazama nione kama anatania. Hakuwa anatania.

Lililopaswa kumuuma lilitokea kazini. Mwajiri wake wakati huo alikuwa mama mmoja wa Kiismailia, mkazi wa Unionville, mzaliwa wa Mwanza, mwenye kampuni ndogo ya kuuza dawa kwa jumla. Alimchukua Injinia amwandikie programu ya ghala, na nadhani nusu ya sababu ilikuwa apate mtu wa kuongea naye Kiswahili. Alikuwa ameshauona ule mstari mwekundu. "Mimi nyumbani nilitoka na sanduku moja tu, baba," alimwambia. "Wewe umekuja na nyumba yenyewe?" Injinia alilipenda neno hilo, akalirudia kwa kila mtu kama sifa.

Siku ya kumwonyesha mama kazi ilipofika, programu ilikataa kuundwa. Diski imejaa. Mama na watu wake wameshakaa, wanamngoja. Injinia akafungua kile kiduara cha rangi kinachoonyesha nini kinakula nafasi. NYUMBANI ilikuwa kipande kikubwa kama keki aliyojikatia mlafi. Kazi ya mama ilikuwa na vipande viwili vyembamba: toleo alilotaka kulionyesha na, juu yake, maranda yake. Akakusudia kufuta maranda. Kwa haraka akafuta vyote viwili. Alijipa moyo kwamba ofisini kuna nakala. Ilikuwepo, ila haikuwa na kazi ya mwezi wa mwisho, kwa sababu alikuwa hajaituma, na hajaituma kwa sababu kutuma nako kulihitaji nafasi.

Mama hakupiga kelele. Alimshukuru kwa Kiswahili, akatafuta mtu mwingine.

Alinihadithia jioni ile mbele ya chai, nami nikacheka hadi machozi. "Mpagazi amemtupa tajiri njiani," nikasema, "akabaki na mzigo!" Jumapili nikalipeleka neno kanisani, likazunguka ukumbi mzima. Ulikuwa utani mzuri, hata leo nauona mzuri. Lakini aliyekuwa amekaa mbele yangu alikuwa mtu aliyepoteza kazi akiwa na umri ambao makampuni hayapigi simu tena, na alicheka kwa sababu mtani akicheka unacheka naye. Mimi nikakichukua kicheko chake kama cheti cha daktari. Miezi michache baadaye alianza kubeba maboksi katika ghala lile lile nililostaafia. Hapo nilikuwa na utani mwingine tayari, nao niliusema.

Ningemaliza kwa kumcheka tu ingekuwa rahisi, lakini mtu huyu alijua kufundisha. Mimi alinifundisha kuandika barua kwenye kompyuta nikiwa na mvi, na hakuninyang'anya kibodi hata nilipokosea herufi ile ile kwa asubuhi nzima. "Sikugusii," alisema. "Kidole ni chako." Chini, kwenye chumba cha kufulia, akina mama wa Kikongo na Kirundi waliokuwa wakienda kazini kutunza wazee waliketi wakingoja nguo zao zizunguke, naye alikaa nao akiwaonyesha jinsi programu inavyofikiri. Alichukua kalamu na mgongo wa karatasi ya matangazo ya duka, akasema, tuseme unapika ugali, kipi kinatangulia, na maji yasipochemka ufanye nini, urudi wapi? Wanawake wakabishana, wakamsahihisha, wakacheka. Hadi nguo zinakauka walikuwa wameandika programu ya ugali isiyo na kosa. Mmoja wao baadaye alikwenda kusomea kazi hiyo, na anaifanya mpaka leo.

Nilisimama mlangoni siku moja na kikapu changu cha nguo nikaona jambo ambalo hata mtoto angeliona. Laptopu nyeusi haikuwepo. Ilikuwa juu, inanguruma peke yake. Kwenye folda ile ya NYUMBANI hakutumia hata neno moja. Darasa lile la Tabora alikuwa anatembea nalo mfukoni, kalamu na karatasi, na angeweza kupanda nalo ndege Jumatatu.

Nilimwambia? Nilimwambia, "Mnyamwezi, umeacha mzigo juu, tembo watauiba." Tukacheka.

Dada yake nilimwambia ukweli. Ilikuwa baada ya Injinia kuingia ghalani. Alikuwa hapokei simu, kwa hiyo dada akapiga kwangu. Aliniambia mwenye duka la dawa ameongeza dau, paa la nyuma linavuja, na wapangaji wawili wamehama kwa sababu ya uvujaji huo. Nikaona siku imefika.

"Mtani," nikasema, "kipangishe chumba. Huyu haji."

Dada akacheka, akacheka hadi akakohoa.

"Wagogo nyie! Mnataka kaka asije ili chumba mkakiombe nyie! Umenimaliza, Mgogo, leo umenimaliza kabisa."

Ningeweza kusema tena. Ningeweza kuapa. Lakini kicheko chake kilikuwa kizuri, siku zake zilikuwa ngumu, na miaka yote hiyo nilikuwa sijamwambia neno lisilo la utani. Ningelitoa wapi la kwanza? Nikacheka naye, nikauliza kama chumba kina ukubwa wa kutosha Wagogo kumi. Chumba kikakaa kitupu mwaka mwingine, na mwingine baada ya huo. Kuna makosa ambayo mtu huyafanya kwa hasira au kwa tamaa, nayo ninayo. Hili nililifanya kwa kuchangamka.

Wakati huo huo Tabora ilikuwa haingoji. Mwaka hadi mwaka simu zilizidi kuwa nyepesi na mtandao ukazidi kuwa na kasi. Ikafika siku dada akamwambia kwamba watoto wa mtaani pale wanatazama masomo ya kompyuta kwenye simu, wamejilaza kitandani, hawangoji chochote kishuke.

"Hayo hayana mpangilio, dada," Injinia akajibu. "Ya kwangu yana mpangilio."

Mara ya mwisho nilipokaa naye kwa mazungumzo ya maana ilikuwa Jumamosi ya masika ya huku, theluji inayeyuka na kuacha makopo ya mwaka jana nje ya jengo. Dada alinipigia asubuhi, kwao jioni.

"Leo sikuiti Mgogo," alisema. "Nakuita kaka. Mwenye duka la dawa kesho anatia saini nyumba nyingine, harudi tena. Kaka yangu nikimwuliza ananieleza mambo ya diski. Nenda wewe, ukae mbele yake, nipate neno moja. Nimpe au nisimpe. Na usinichekeshe."

Nilikwenda. Sikusema hongo. Nilipiga hodi, na nadhani hodi ile peke yake ilimtisha, maana alikuja kufungua mwenyewe.

"Nani amekufa?"

"Hajafa mtu."

Alinivuta ndani kwa mkono. Alikuwa amenunua laptopu mpya, nyembamba, haina sauti. Alinigeuzia kioo chake, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyepata mjukuu. Mstari ulikuwa wa buluu. Buluu kidogo mwanzoni kabisa, kisha weupe mtupu hadi mwisho.

"Umeona, Mgogo? Nafasi! Miaka yote hii. Sasa naweza kuanza."

"Kuanza nini?"

"Kupakua upya. Vile vya zamani vyote vimepitwa na wakati, havifanyi kazi kwenye mashine za sasa. Naanza na matoleo mapya, kwa utaratibu. Safari hii kwa mwaka mmoja tu nimemaliza."

Nilikaa. Nilimwambia alichosema dada yake, chote, pamoja na habari ya kesho.

Akatabasamu. "Na wewe umekuja kuomba chumba."

Niliifunga ile laptopu.

"Mgogo. Unatania."

"Sitanii."

Alinitazama usoni, akingoja mdomo wangu ulegee kama ulivyolegea siku zote. Haukulegea. Nilimwona anavyoelewa. Hakuelewa mara moja. Alikwenda dirishani, akarudi, akagusa kifuniko cha ile mashine mpya, akauliza chai iwe na maziwa au bila, wala hakuweka chai. Mimi nikampigia dada, nikaweka simu mezani, nikafungua sauti.

"Kaka?"

"Dada."

"Nimpe au nisimpe?"

Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, Injinia hakutaja diski.

"Mpe," alisema.

Tulisikia pikipiki ikipita barabarani kwao, mlango ukifungwa na upepo. Dada hakulia wala hakulaumu. Alipoongea tena, sauti yake ilikuwa ya mwanamke mwenye kazi ya kufanya kabla ya giza.

"Haya, kaka. Ila anataka kiwe kitupu. Zile meza nizipeleke wapi?"

Injinia alinitazama. Mimi pia sikuwahi kusikia habari za meza.

"Meza gani, dada?"

"Za darasa. Nilizichongesha zamani, mwaka ule ule uliporudi huko. Za mninga. Nilitaka uzikute."

"Ziuze," alisema Injinia.

"Nimejaribu leo, tangu asubuhi. Hawazitaki. Kila meza ina tundu katikati."

"Tundu la nini?"

"La nyaya, kaka," alisema dada. "Nilimwambia fundi azitoboe zote. Nilijua utakuja na nyaya nyingi."